Tone la Cetara

Ersilia hapimi kwa kijiko.
Huinamisha chupa, hungoja. Tone moja, la pili,
kisha huifunga upesi
kana kwamba kuna anayechungulia.

Mwezi wa tano dagaa walivunjwa vichwa kwa kidole gumba,
wakalazwa pipani, chumvi juu, chumvi chini,
na jiwe aliloliokota marehemu mumewe
likawakandamiza hadi Desemba.
Pipa likatobolewa.
Likavuja, rangi ya chai kavu.

“Tambi usizitie chumvi!” ananikemea.
“Bahari imo tayari.”

Kitunguu saumu, pilipili, majani ya kotimiri.
Nakula nimenyamaza.

Mwanawe yuko Torino, hupelekewa chupa kila Krismasi.
Ya mwaka huu imerudi, haijafunguliwa.

Ndiyo hii tunayoila.