Kistari

Ubao uko ukutani, juu ya birika la chai,
mbao ya jara, mita mbili na shibiri,
na majina ya makocha kwa rangi ya dhahabu.
Aliyeanza kuyaandika ni baba, Vern Nankivell, fundi wa mabango,
mtu wa kushika pumzi mpaka herufi ikamilike.
Nimerithi brashi zake, na kikohozi.

Kazi yenyewe ni hii: kocha akija
unaandika jina, mwaka, na kistari.
Baada ya kistari huandiki kitu.
Unakunja ngazi, unakwenda zako,
unasubiri simu.

Ambrose Tulloch, 1911 – 1915.
Mchinja nyama; aliyefunga magoli matano alipewa figo.
Baba hakumjua. Alimkuta daftarini,
tayari amezikwa ng'ambo
pamoja na nusu ya washambuliaji wake.

Clarrie Odgers, misimu kumi na mitatu, vikombe viwili.
Ngumi yake ingali kwenye kabati namba tisa,
bonde dogo la bati. Wachezaji wapya
huingiza vifundo vyao humo, kupima.
Wakamsifu mno, na mgema akatia tembo maji:
msimu wa mwisho alisinzia robo ya tatu ikiisha,
vijana wakifyonza machungwa kimyakimya
wasimwamshe.

Halafu Lindsay Pascoe, kocha wa Jumamosi moja.
Mvua, tope hadi magotini, shakwe katikati ya uwanja.
Tukashinda kwa pointi sitini na moja.
Jumatatu alikuwa kazini, anaendesha tramu.
Huyo ana mwaka mmoja, hana kistari,
na baba alitoza bei ileile kwa herufi.

Mwaka 1974 kamati ilisema: jina hili halitoshi, lifupishe.
Zvonimir Mihaljevic.
Baba alihesabu kwa kidole: herufi kumi na nane.
"Mama yake alimpa zote," akasema, akapanda ngazi.
Alizibana herufi zile bega kwa bega
kama watu jukwaani siku ya fainali.
Na fainali tulifika. Sekunde za mwisho,
mpira ule wenye umbo la yai
ulikwenda, ukayumba, ukagusa mlingoti.
Mwamuzi wa goli akaupiga mlingoti kwa kiganja,
akainua kidole kimoja.
Pointi moja badala ya sita.
Tulishindwa kwa mbili.
Simu ililia Jumanne, baba akiwa mezani;
alimaliza supu yake kwanza.

Wangu wa kwanza ni Royce Tippett.
Nilikuwa bado juu, brashi mkononi,
katibu akachungulia mlangoni:
"Hicho kistari, usikifanye kirefu."
Tulikuwa tumepoteza mechi tisa mfululizo.
Kijiko cha mbao, tuzo ya wa mwisho, kilikuwa chetu tayari,
tungeweza kukorogea rangi.

Wengine siwasemi. Mmoja alikuja na kompyuta sita.
Mmoja alilia kwenye maegesho, akaniomba kiberiti.
Mbio zao zote ni za sakafuni,
na ukingo naujua mimi: ni wino wangu.

Leo umebaki mstari mmoja, chini kabisa,
karibu na birika, mvuke unapopanda.
Leith Coverdale. Magoti mabovu, sauti ya chini,
alichezea hapa enzi za kabati namba tisa.
Akasimama nyuma yangu akitazama mkono wangu,
ambao siku hizi hautulii.
Nikaandika jina. Nikaandika mwaka.
Nikavuta kistari kwa pumzi moja, kama nilivyofundishwa.

"Umeniachia nafasi kiasi gani?"
"Tarakimu nne," nikajibu. "Kila mtu, nne."

Akacheka, akachukua filimbi msumarini.
Niliusikia mlio wake nje, kisha viatu, kisha mtu anatukanwa kwa upendo.
Nikakaa na ubao mpaka rangi ikauke.
Kwenye baridi hii huchukua muda.
Nilikuwa nimezima simu.