Taa ya Chumbani, Tehuacán

Siku hizi Brígida huzima taa kwanza
ndipo avue gauni.
Zamani hatukuwa na haja ya giza.

Mimi ndiye dereva wa lori la soda.
Kila Ijumaa kampuni hunipa kreti mbili za bure,
nami nimezileta nyumbani kama mahari isiyokwisha:
soda na maharagwe, soda na dawa,
keki za plastiki zisizooza miezi sita,
hadi jiwe la kusagia mahindi likawa kigingi cha mlango.

Pete yake ilikatwa kwa msumeno zahanati,
nesi akicheka chinichini.
Mshipi wangu nimeutoboa tundu la nne kwa msumari,
lakini kitambi cha mwanamume, wanasema, ni neema.

Juzi Fulgencio aliniuliza, huku akitafuna,
kama bado namtamani.
Nikammwagia soda viatuni. Bahati mbaya, nikasema.

Usiku nampapasa:
kovu la mwiba wa mpungate, shingo,
ule mguno wake wa zamani.
Vyote vipo. Yaliyopotea ni macho yake
yakiniona nikimtazama.

Washa, Brígida.

Kimya. Kisha mkono wake ukatafuta,
si swichi,
bali chupa, uvunguni,
na kizibo kikapumua gizani.