KPL 306

Nilimuuzia Bawazir wa Bondeni,
Pijo 404, rangi ya maziwa yaliyochacha,
mwaka ule karo ilipokataa kungoja.
Bawazir kafa. Mwanawe kanielekeza Changamwe,
kwa fundi Mutinda, mwenye kidole pungufu.

Mutinda akumbuka injini tu.
"Ile dizeli? Yasaga mahindi Miritini mpaka leo."
Nikaenda. Nikaijua kwa kikohozi chake,
kile cha alfajiri, kabla haijapata moto.
Milango sikuipata.
Boneti, wasema, imeezeka banda huko Jomvu,
na kuku hawana habari.

Kiti cha mbele ndicho kilichonipata mimi:
Mwembe Tayari, kwa muuza kahawa,
kimepandishwa juu ya matofali,
na ule mshono mwekundu wa Rukia
alioutia usiku, uzi mweupe ulipomwishia.

Nikakaa upande wa kulia.
Mkono wa kushoto ukainuka wenyewe, ukatafuta gea.
Muuza kahawa akacheka: "Safari ya wapi, mzee?"
"Twashuka Changamwe," nikamwambia.
"Shikilia dele lako.
Breki zake sikuziamini hata siku moja."