Mwaka Unaanza Lini

Daktari Hirabayashi hakusema ni kifua kikuu.
Alisema ni binamu yake wa mbali,
asiyeambukiza mtu, mkaazi wa maji ya bomba
na udongo wa vyungu vya maua,
aliyenipanda kifuani pamoja na mvuke wa bafu
jioni baada ya jioni, nami nikijiona nimetakata.

"Dawa tatu. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa."
"Mpaka lini?"
"Mwaka mmoja, baada ya makohozi kuwa safi."

Ile "baada ya" sikuisikia.
Mimi, Nishiwaki Tazuko,
fundi wa piano hapa Hamamatsu miaka arobaini na mmoja,
ninayemkamata waya mmoja mlegevu
katikati ya nyaya mia mbili na thelathini,
sikuisikia.

Nikanunua kalenda. Nikaanza kukata siku.

Mkojo ukawa chungwa. Machozi pia:
msibani kwa dada nililoweka leso madoa
kama mtu aliyefuta mchuzi.
Wali ukawa na ladha ya sarafu.
Kila mwezi muuguzi alinifungulia kitabu cha vitone,
nimsomee tarakimu zilizojificha ndani ya rangi,
kwa kuwa kidonge kimoja huwinda macho.
"Saba," nilisema. "Ishirini na tisa." Nilisema kwa sauti,
kama mtoto anayeogopa kurudia darasa.

Na makohozi hupandwa. Hilo sikulijua.
Huyatia kwenye chupa, maabara ikayaatamia
wiki sita, wiki nane.
Mkulima gani huyu anayeomba shamba lisiote?

Mwezi wa kwanza liliota. Wa tatu. Wa tano.
Mwezi wa sita liliota, na daktari akaliambia dirisha:
"Ipo dawa ya nne. Ina nguvu.
Huenda ikagusa masikio."

Mkobani natembea na uma wangu wa chuma.
Niliugonga gotini, nikauweka sikioni.
La.
Ilikuwapo, nyembamba, nzima, yangu.
"Nipe mwezi mmoja," nikasema.
Hakupenda. Aliandika kitu kirefu kwenye faili.

Chupa ya mwezi wa saba haikuota.
Ya nane haikuota.
Ya tisa ilipokaa kimya, daktari alisimama, akainama kidogo:
"Hongera, Bi Nishiwaki. Sasa tunaweza kuhesabu."

Sasa?
Na vile vidonge nilivyovitapika nikavimeza upya?
Na kalenda yangu yenye misalaba mieusi?
"Ile ilikuwa nauli," alisema.
"Tutahesabu kutoka chupa ya saba."
Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
lakini nani alinificha ukubwa wa kibaba?

Nilikasirika siku nne.
Siku ya tano nilikuwa na kazi shule ya msingi,
piano ya ghala, imelala miaka kumi bila kuguswa.
Asubuhi nzima niliivuta juu, waya kwa waya.
Mwalimu Sugaya akapiga wimbo wa watoto, akafurahi,
akafungua pochi anilipe.
"Bado," nikamwambia.
"Lakini iko sawa kabisa!"
"Iko sawa leo. Waya huukumbuka ulegevu wake.
Ukiiacha sasa, kufika msimu wa mvua itakuwa imerudi kule kule.
Kuifikisha ni kazi ya asubuhi. Kuikalisha ni kazi nyingine."

Nikasikia nilichosema.
Nikaketi kwenye kile kiti kifupi cha watoto,
magoti yakigusa kidevu, nikacheka mpaka nikakohoa,
na kikohozi kikatoka kikavu, bila kitu.

Nyumbani niliitoa ile kalenda ukutani.
Nimeanza nyingine. Haina misalaba,
ina vitone vidogo vya penseli, vinavyofutika.

Leo ni Ijumaa. Vidonge viko kwenye kisahani,
kile chekundu juu.
Nausoma wekundu wake vizuri.
Bado miezi saba, chupa zikinyamaza.
Naugonga uma gotini kwanza,
kisha naimimina maji.