Kitufe cha Theluji

Shaame, dalali wa Machomanne,
kafungua mlango kama anayefunua kawa:
"Mwaenea saba, na mkweo wa nane."
Jicho langu likanasa kwenye kitufe:
kijigari kinachoacha nyuma
mikia miwili ya nyoka.
"Hicho cha theluji. Hushika gurudumu kabla hujateleza."

Theluji, Chake!
Barafu tuijuayo ni ya ukwaju,
ya mia mbili, kwenye friji la Bi Time.

Nikalala chali na tochi ya simu:
kutu, chumvi ya barabara za kwao.
Nikamwambia, toa laki tatu.
Akaapa. Nikangoja.

Kumbe nawaza kilima cha kwetu Mtambile,
udongo mwekundu, siku ya pili ya masika,
gari la kuazima likirudi kinyumenyume
na Asiata kiti cha nyuma, uchungu umemshika:
"Usinitazame mie, tazama njia."

Nikakibonyeza. Taa ikawaka, ikazimika.
Nikalipa.

Leo binti yetu kaokota chini ya kiti
glavu moja ya sufu, nyekundu.
Kaivaa. Yamkaa sawasawa.
"Baba, mwenzake yuko wapi?"