Jumanne Ukutani

Nilitoka kununua maandazi,
nikakuta ukuta wa zahanati umevaa nguo ya mtu mwingine.
Rangi nyekundu, ile ya kopo, ya kupuliza,
imechuruzika hadi kwenye msingi:
JESHI LA USIKU.
Herufi ndefu kuliko mlango.

Chini yake palikuwa na maneno yetu ya siku zote,
KLINIKI YA WATOTO: JUMANNE.
Limebaki JUMA,
na siku tano za wiki zinaanzia hapo.

Kijana wa duka la simu alipiga picha,
akasema, lakini mwandiko anao.
Fundi Shekue akasema ni rangi tu,
ukuta haulii.

Ukuta haulii, kweli.
Aliyelia ni mtoto wa Mwanamvua,
mgongoni kwa miguu kutoka Mwakidila
siku ya Jumatano,
kufuli mlangoni, kadi ya sindano imelowa jasho.
Mama mtu alisimama akiusoma ukuta
kama mtu anayesoma barua ya mahakama.

Mimi niliangalia J.

Miaka thelathini na moja nimefundisha darasa la kwanza hapa Ngamiani.
Majina nayasahau, miandiko siisahau.
J ile mkia umegeukia kulia,
ndoano iliyofungwa kinyume.
Ni mmoja tu aliyeiandika hivyo,
Hoza Mhina, mkono wa kushoto, dawati la dirishani.
Nilimwekea nukta afuatishe, nikamshika kiganja,
akienda nyumbani kulala
anarudi na J yake ileile.

Usiku sikulala.
Kuchoma mtoto wa mtu!
Na mama yake ndiye aliyenikopesha mtungi wa gesi
mwezi ule pensheni ilipochelewa.
Nikajiambia, nyamaza, wewe umestaafu,
mwenye ukuta ni serikali.
Wahenga walisema habari za ufa,
habari za rangi hawakusema kitu.

Siku ya tatu ukaongezeka mshale.
Ya nne, moyo, namba ya simu,
na tusi ambalo mjukuu wangu aliniuliza maana yake
tukiwa tunakula.

Basi nikajifunga kanga, nikaenda ofisi ya serikali ya mtaa.
Bi Semkiwa, mtendaji, akafungua daftari la mistari.
Lini? Wapi? Kimeharibiwa nini?
Andika Jumanne, nikamwambia.
Akainua macho. Nilikuwa sitanii.
Unamshuku nani?
Kwenye dirisha palikuwa na nzi mmoja,
nikamtazama muda mrefu sana.
Andika Hoza Mhina.
Lakini muite mama yake kabla hujamwita askari.
Akanipa kalamu nitie sahihi,
na mwandiko wangu, mimi mwalimu,
ukatoka umepinda.

Jumamosi alikuja na ndoo ya chokaa ya Amboni
na brashi ya katani, pana kama kiganja cha baba.
Alipaka mkono mmoja, nyekundu ikachungulia.
Akapaka wa pili.
Wa tatu jua likiwa utosini.
Wenzake wa Jeshi hawakuonekana,
jeshi gani hilo lisilo na mchana.
Yule wa duka la simu alimletea maji,
safari hii bila picha.

Mama Hoza hajanisalimu hadi leo.
Tunakutana bombani, ndoo zinasalimiana.
Sijui kama atarudi kwangu,
na kama angelikuwa mwanangu
sijui ningelifanyaje.

Mtendaji alisema aandike upya kwa mkono wake.
Ameandika, nyeusi juu ya nyeupe, taratibu,
ulimi umetoka pembeni kama zamani.
Na J, mkia kulia.
Watoto wa mtaa wanapita wakisoma Lumanne, Lumanne,
wanacheka hadi wanakaa chini.

Nimepita pale mara mbili
na kipande cha chaki mfukoni.
Mara zote mbili nimerudi nacho.
Juzi Mwanamvua alikuwa kwenye foleni, wa nne,
mtoto amelala.