Fomu ya Madaraja ya Kawa

Jumatatu, baada ya mvua, walinipa fomu kumi na moja,
kalamu ya bluu, na Zihindula wa kushika ncha ya mita.
Pimeni madaraja, walisema, yote ya Kawa,
toka juu Kadutu mpaka maji yanapoingia ziwani.
Urefu. Upana. Mwaka. Mjenzi. Hali.
Kama mjenzi hajulikani, andika Wabelgiji.

La kwanza ni la zege. Mita tisa na robo.
Tumboni chuma kimetokeza nje
kama mbavu za mbwa wa sokoni,
na kutu imechuruzika ukutani, rangi ya chai ya jana.
Ukingoni kuna unyayo wa mtoto, vidole vitano,
aliyepita zege likiwa bichi, siku waliyokataza watu kupita.
Zihindula aliufunika kwa kiganja, ukaenea wote.
"Huyu sasa ni mzee," akasema.
Kisha, akikunja mita: "Ao hakufika."
Sikuona mstari wa kuandikia hilo.
Hali: mbaya.

La pili, la tatu, zege vilevile,
chupa za plastiki zimeziba hadi magotini.
Tulipima kwa haraka, tukiziba pua.

La nne ni la mawe.
Tao moja, jeusi, lenye ukoka masikioni.
Shuleni walitufundisha: kwenye tao
kila jiwe linataka kuanguka.
Linalisukuma la jirani, la jirani linalisukuma,
hakuna linalopata upenyo wa kutangulia,
na hivyo ndivyo linavyosimama, miaka yote hii,
kwa ugomvi uliokosa mshindi.
Juu yake wanawake wanapita na magunia ya mihogo,
kamba kwenye paji la uso, macho chini,
mmoja akiuliza bila kusimama:
"Munataka kulibomoa?"
"Hapana mama, tunapima."
"Ni vilevile tu. Munaanzaka na kupima."

Chini ya ukuta, M'Birindwa anakaanga sambaza.
Nikamuuliza mwaka. "Mwaka siujue.
Baba ya bwana yangu ndiye alibebaka haya mawe,
toka kule mlima, kwa kichwa.
Magharibi walikuwa wanahesabu.
Jiwe likipunguka, chumvi inapunguka."
"Aliitwa nani?"
Akageuza samaki mmoja, akageuza wa pili.
Mafuta yalisema peke yao.
"Ni mukwe wangu," akajibu mwishoni. "Jina yake haiingie mu kinywa yangu."

Nilisimama na kalamu juu ya neno Mjenzi.
Nafasi waliyoiacha ina urefu wa kidole gumba.
Zihindula akakohoa: andika tu Wabelgiji, mvua inarudi.
Na kweli ilikuwa inarudi, upande wa Rwanda
vilima vilishaanza kufutika kimoja kimoja.

Hapo yule mama akainuka, akajipangusa mikono kitengeni,
akaita kuelekea mtoni: "Baba! Weye, Baba! Kuja!"
Akaja kijana wa miaka minane hivi,
na bidoni ya njano, suruali imelowa.
"Huyu ni mjukuu. Walimupa ile jina.
Na yeye pia siwezi kumwita, namwitaka tu Baba."
Akamshika bega, akamwelekeza kwangu.
"Mwambie muheshimiwa namna unaitwa."

Mtoto akatazama fomu, akatazama viatu vyangu.
"Ntabaza."
"Sema tena."
"Ntabaza," safari hii kwa sauti ya darasani,
na M'Birindwa akageuza uso pembeni,
kwa adabu, kama mtu anayempisha mwingine kwenye mlango.

Niliandika. Herufi mbili za mwisho zilitoka nje ya kisanduku.
Karani wa ofisini atafuta, namjua,
ana kifutio kipya tangu Januari.

Ilibaki Hali.
Lori la mchanga lilikuwa linapanda darajani,
limejaa kupita kiasi, vijana wawili juu wamelala.
Tukatoa mikono yetu ukutani, mimi na Zihindula,
na yule mtoto hakutoa wake.
Nikangoja lipite.